CHOMBO KISICHO NA MSUKUMO HAKINA USUKANI



Wahenga wa pwani walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Walisema hivyo katika zama za majahazi na mitepe, wakati ambapo nahodha aliyepoteza usukani katikati ya mawimbi alikuwa amepoteza kila kitu. Katika zama hizi kipo chombo ambacho, tangu siku kilipotoka katika karakana, hakina usukani wa ubao nyuma yake, wala hakina pangaboi linaloonekana kwa nje. Hata hivyo, chombo hicho huenda kwa kasi kubwa, hugeuka penye nafasi finyu, na hupita penye maji ya kufika magotini. Hiyo ndiyo boti ya jeti, yaani boti inayokwenda kwa nguvu ya maji yanayorushwa kutoka tezi. Ndugu yake mdogo ni ile pikipiki ya majini ambayo wageni huikodi katika fukwe za pwani.

Po pote vinapofika vyombo vya namna hii, iwe kwa doria, kwa uokoaji, kwa kuwachukua wagonjwa au kwa starehe ya watalii, swali la kwanza huwa la bei, na swali la pili huwa la kasi. Swali linaloulizwa mwisho, na mara nyingine baada ya msiba, ni hili: ni nani atakayekiongoza chombo hicho, naye amefundishwa nini? Inafaa swali hilo litangulie. Maziwa na mito ya nchi zilizo jirani haitenganishwi na ukuta, na boti iliyomshinda nahodha wake haiulizi mpaka uko wapi.

Boti ya jeti haikubuniwa kwa ajili ya mchezo. Ilizaliwa katika mito yenye maji haba ya Kisiwa cha Kusini, nchini New Zealand. Huko, mfugaji aliyekuwa pia fundi hodari, William Hamilton, mwenye shamba la Irishman Creek, alitaka chombo kitakachopanda mito yenye mawe mengi, ambamo pangaboi la kawaida lingevunjika mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alijaribu mtambo uliorusha maji chini ya boti, lakini mwendo wake ulikuwa wa pole mno. Mdomo wa bomba ulipohamishwa na kuwekwa juu ya usawa wa maji, kasi iliongezeka sana, na hapo ndipo boti ya jeti iliyo maarufu hivi leo ilipopatikana. Mwaka 1960 boti za Hamilton zilipanda mto Colorado, nchini Marekani, kinyume cha mkondo, kupitia bonde refu la Grand Canyon. Mwaka 1977 Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest mwaka 1953 pamoja na Tenzing Norgay, alitumia boti tatu za jeti kupanda mto Ganges, nchini India, tangu baharini hadi katika milima ya Himalaya. Safari hiyo ya maji ilikomea penye maporomoko ambayo boti hazikuweza kuyapanda.

Kwa wakazi wa sehemu hizi za Afrika, hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi ni wa nchi jirani ya Kongo. Mwezi wa Oktoba 1974, wakati nchi hiyo ilipokuwa ikiitwa Zaire, msafara mkubwa ulioongozwa na ofisa wa jeshi la Uingereza, John Blashford-Snell, ulianza kuufuata mto wake mkuu kuelekea baharini, na ulifika huko mwezi wa Januari 1975. Msafara huo ulikuwa na mashua kubwa za mpira pamoja na boti za jeti zilizotoka New Zealand. Ilikuwa imetimia miaka mia moja tangu Henry Morton Stanley alipoondoka Zanzibar, mwaka 1874, katika safari iliyomfikisha Boma mwezi wa Agosti 1877.

Sehemu ya mto iliyokuwa mtihani kwa misafara hiyo miwili ni ile iliyo kati ya Kinshasa na Matadi. Hapo mto huteremka kiasi cha mita 270 katika mwendo wa kilomita zipatazo 350, kwa maporomoko yanayofuatana moja baada ya jingine. Watu wa Stanley, wengi wao wakiwa Waungwana wa Zanzibar na watu wa bara, hawakuwa na injini. Walikuwa na kamba, makasia na mabega yao. Waliteremsha mitumbwi kwa kuishikilia kwa kamba kutoka ukingoni, na mahali pengine waliipandisha milimani na kuiburura juu ya nchi kavu. Wengi walikufa maji. Kijana Kalulu alichukuliwa na maporomoko mwezi wa Machi 1877, na Mwingereza Frank Pocock alizama mwezi wa Juni mwaka huo huo. Pamoja na majina hayo historia imeliweka jina la Uledi, aliyekuwa mshika usukani wa mashua iliyoitwa Lady Alice, na ambaye aliwaokoa wenzake wengi waliokuwa wakichukuliwa na maji. Uledi hakuwa na mtambo wo wote. Alikuwa na ujuzi wa maji, macho mepesi, na moyo usiotetereka.

Miaka mia moja baadaye, boti za jeti ziliweza kuingia katika maji yale yale na kutoka, tena hata kuyapanda maji makali ambayo mtumbwi usingethubutu kuyakabili. Lakini mto haukuwa umebadilika. Mwaka 1985 Mfaransa Philippe de Dieuleveult na wenzake walitoweka katika mto huo huo, karibu na Inga, wakisafiri kwa mashua za mpira. Kutokana na habari hizo mbili mtu anaweza kujifunza jambo moja lililo wazi: mtambo humwongezea nguvu mwenye ujuzi, lakini haumpi ujuzi asiyekuwa nao.

Je, ni ujuzi gani huo? Ili kuueleza, yapasa kwanza ifahamike jinsi boti hiyo inavyofanya kazi. Chini yake, karibu na tezi, kuna tundu lililozibwa kwa vyuma vilivyopangwa kama meno ya kitana. Injini huzungusha pampu yenye mapanga ndani ya bomba. Pampu huyavuta maji kupitia tundu hilo, huyasukuma kwa nguvu, na huyatoa nyuma kupitia mdomo mwembamba. Maji yakirushwa nyuma, boti husukumwa mbele. Penye mdomo huo kuna kielekezi ambacho hugeuka kushoto au kulia kila nahodha anapozungusha gurudumu la usukani. Maji yakirushwa kushoto, tezi husukumwa kulia, na omo huelekea kushoto. Basi gurudumu lile halishikani na ubao wo wote uliozama majini. Linashikana na mkondo wa maji ambao boti yenyewe imeutengeneza.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya chombo hiki na vile vilivyozoeleka. Jahazi likitua tanga, kwa kitambo bado hubaki na mwendo, na maji yanayopita kando ya usukani wake humwezesha nahodha kuligeuza kwa kana. Mashua yenye usukani wa ubao, injini yake ikizimika ghafla, bado inaweza kugeuzwa kidogo maadamu inakwenda. Boti ya jeti haina akiba hiyo. Mafuta yakikatwa, pampu hunyamaza. Pampu ikinyamaza, mkondo wa maji hukoma. Na mkondo ukikoma, kielekezi hubaki kikielekeza kitu kisichokuwapo. Nahodha anaweza kulizungusha gurudumu apendavyo, lakini boti itakwenda ilikokuwa ikielekea, kama jiwe lililokwisha kurushwa.

Sasa hebu ifikiriwe hali ya mtu aliyezoea gari au pikipiki ya barabarani. Mbele yake unatokea mtumbwi wa mvuvi, au kichwa cha mwogeleaji. Mwili wake wenyewe, kabla ya akili kutoa amri, huachia mafuta. Barabarani tendo hilo ni la busara, kwa kuwa magurudumu bado yameshika ardhi na usukani bado unafanya kazi. Majini, katika chombo cha jeti, tendo hilo hilo ndilo linalomnyang'anya usukani katika dakika anayouhitaji kuliko zote. Boti inayokwenda kilomita 54 kwa saa hupita mita 15 kila sekunde. Mtu akipotewa na akili kwa sekunde mbili tu, amekwisha kula mita 30 za maji akiwa abiria katika chombo anachodhani anakiongoza.

Jambo hili si nadharia. Mwaka 1998 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi wake juu ya ajali za pikipiki za majini, na kati ya mambo iliyoyatazama ni huku kupotea kwa usukani mtu anapoachia mafuta. Uchunguzi huo ulionyesha jambo la kushangaza. Katika vyombo vingine vya starehe, wanaokufa hufa zaidi kwa kuzama. Bali katika pikipiki za majini, wengi wa waliokufa waliuawa na kishindo cha kugongwa au kugonga. Yaani jaketi la kujiokolea, ambalo ni la lazima na lisiachwe kamwe, peke yake halitoshi. Jaketi humzuia mtu asizame, lakini halimzuii asigongwe.

Dawa yake ni nini? Kwanza, nahodha apunguze mwendo mapema, kabla ya hatari, wala si ndani ya hatari. Karibu na gati, mitumbwi, nyavu, waogeleaji na kona za mto zisizoonekana, mwendo uwe wa pole tangu mbali. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinakitaka kila chombo, wakati wote, kiende kwa kasi ya salama, yaani kasi itakayokiwezesha kukwepa na kusimama katika umbali unaofaa. Pili, ikiwa imebidi kukwepa, nahodha ageuze gurudumu huku msukumo wa maji ukiwapo, na akiisha kuipita hatari ndipo apunguze. Tatu, asigeuze kwa ukali kupita kiasi. Boti nyingi za jeti zina tumbo pana lisilo na mkuku mrefu, nazo huteleza kwa ubavu zinapogeuzwa kwa kasi. Boti inayoteleza hivyo ikigusa fungu la mchanga au jiwe, huenda ikapinduka, na abiria ambao hawakushika mahali wakarushwa nje.

Pamoja na hayo, zipo pikipiki za majini za miaka ya karibuni zilizotiwa breki, na zipo boti ambazo mitambo yake ya umeme humsaidia nahodha kwa kiasi kikubwa. Hayo ni maendeleo mema. Lakini aliyejifunza kwenye chombo chenye breki, siku akipewa kisicho nayo, atakuwa hatari zaidi ya yule ambaye hajajifunza kabisa, maana yeye anajiamini.

Suala la pili ni la kurudi nyuma, na hapo watu wengi hukosea zaidi. Katika mashua yenye pangaboi, gia hubadilishwa, na pangaboi likazunguka kinyume. Katika boti ya jeti, kwa desturi, pampu haibadilishi mzunguko wake. Kinachofanyika ni kwamba bamba la chuma lililopinda mfano wa kikombe hushushwa mbele ya mdomo unaotoa maji. Maji hulipiga bamba hilo, yakageuzwa, na yakarushwa chini na mbele. Boti basi hurudi nyuma, ingawa injini inafanya kazi ile ile iliyokuwa ikiifanya wakati wa kwenda mbele.

Kutokana na utaratibu huo yanafuata mambo manne ambayo kila nahodha hana budi kuyajua kwa moyo.

Jambo la kwanza ni kwamba boti ya jeti haina mapumziko ya kweli maadamu pampu inazunguka. Bamba likishushwa nusu, sehemu ya maji huenda nyuma na sehemu huenda mbele, nguvu hizo mbili zikalingana, na boti ikaonekana kama imesimama. Lakini imesimama kama ng'ombe wawili wanavyosimama wakivutana kwa kamba. Ikitikiswa na upepo au mkono wa nahodha ukisogea kidogo, itaanza kutambaa. Wala mtu asidhani kwamba kwa kuwa boti imesimama, tundu lililo chini yake limelala. Bado linavuta maji, na pamoja na maji litavuta kamba, nguo, nywele na mkono. Kwa hiyo, pakiwa na mtu majini karibu na boti, injini izimwe kabisa. Na asiwepo mtu nyuma ya mdomo unaotoa maji, kwa maana nguvu ya maji hayo imepata kuwajeruhi vibaya watu walioanguka kutoka nyuma ya pikipiki za majini, hata katika viungo vya ndani ya mwili.

Jambo la pili ni kwamba usukani wa kurudi nyuma haufanani na ule wa gari. Katika boti nyingi za jeti, gurudumu likizungushwa kushoto, omo huelekea kushoto, iwe boti inakwenda mbele au inarudi nyuma. Mwenye gari, anaporudi nyuma, hutazama tezi yake, kama gari lingekuwa na tezi, na hutaka ndiyo ifuate mkono wake. Akifanya hivyo katika boti, atashangaa kuiona tezi ikikimbilia upande asioutaka, na penye gati lililojaa vyombo mshangao huo huishia katika kishindo. Tena mitambo yote haifanani. Ipo ambayo tabia yake ni kinyume cha hiyo. Basi nahodha asiikubali boti asiyoijua mpaka kwanza ameijaribu penye maji mapana, mbali na watu, mbele na nyuma, kushoto na kulia, hata mkono wake uache kukisia.

Jambo la tatu ni kwamba nguvu ya kurudi nyuma ni ndogo kuliko ile ya kwenda mbele, na kuongeza mafuta kwa pupa hakuiongezi sana. Maji yanayorushwa mbele chini ya boti huchanganyika na hewa yakawa povu, na povu hilo huvutwa tena na pampu. Pampu inayovuta povu ni sawa na mtu anayekwea mchanga mlaini: hufanya kazi nyingi na husogea kidogo. Afadhali mafuta ya wastani yenye maji mazima kuliko mafuta mengi yenye povu. Aidha, boti ambazo tezi yake ni fupi, zikirudishwa nyuma kwa kasi, huweza kuingiza maji kwa nyuma. Na penye maji ya chini, bamba lililoshushwa huwa linachimba mchanga na kokoto, kisha tundu likazimeza, na mapanga ya pampu yakaliwa.

Jambo la nne, ambalo ni kubwa kuliko yote, ni kwamba bamba hilo si breki ya kukanyagwa kwa hasira. Boti iliyo katika mwendo mkubwa, bamba likishushwa ghafla, omo huinama, maji yakaweza kuingia kwa mbele, na abiria wakaangukiana. Ya hatari kabisa iachwe kwa ajili ya hatari kabisa, na hata hapo abiria wawe wameambiwa washike.

Sasa, akiyajua hayo yote, nahodha mwema hulikaribiaje gati? Hulikaribia, kila inapowezekana, akiukabili mkondo au upepo, ili maji yenyewe yamsaidie kupunguza mwendo. Hupunguza kasi tangu mbali. Kisha huiacha injini katika mzunguko wa wastani usiobadilika-badilika, na kazi ya kuongeza au kupunguza mwendo huiachia lile bamba: akilishusha kidogo, boti hupunguza, akilishusha zaidi, husimama, akilishusha lote, hurudi. Kwa njia hiyo mkondo wa maji haukomi hata mara moja, na kwa kuwa haukomi, usukani haupotei. Huu ndio ufunguo wa sanaa yote. Asiyefundishwa hutawala mwendo kwa mafuta, na kila anapoyaondoa huondoa na usukani wake. Aliyefundishwa hutawala mwendo kwa bamba, na usukani wake hubaki mkononi hata boti ikiwa imetulia. Watu wa pwani wanasema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nahodha wa boti ya jeti naye, aende mbele au arudi nyuma, marejeo yake ni kwenye mkondo wa maji unaotoka nyuma yake.

Iko hatari nyingine ambayo nchi za Maziwa Makuu zinaijua kuliko New Zealand, nayo ni magugu maji. Mmea huo uliuvamia mto Kongo tangu miaka ya 1950, na kufika mwaka 1990 ulikuwa umekwisha kuonekana katika Ziwa Victoria, ukaziba ghuba na magati ya Uganda, Kenya na Tanzania. Boti yenye pangaboi ikikwama katika magugu husimama, na hiyo ni hasara. Boti ya jeti, magugu yakiziba tundu lake, hupoteza vyote viwili kwa mara moja, mwendo na usukani, na hasara hiyo huwa hatari ikiwa boti iko katika mkondo mkali au mbele ya chombo kingine. Nyuzi za nyavu zilizotupwa na mifuko ya plastiki hufanya vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo nahodha huyazunguka magugu hata kama njia itarefuka, na kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa kabisa, tundu hutazamwa na kusafishwa. Akiyasikia mapanga yakivuma kwa sauti ngeni, au akiona injini inakwenda mbio huku boti ikizubaa, asingoje. Hiyo ndiyo salamu ya kwanza ya tundu lililoanza kuziba.

Wapo watakaosema kwamba, ikiwa hatari ni nyingi kiasi hicho, vyombo hivi afadhali vikataliwe. Rai hiyo haina uzito. Chombo kisicho na pangaboi kwa nje hakimkati mwogeleaji kwa mapanga. Chombo kinachopita penye maji haba kinaweza kumfikia mgonjwa katika kijiji cha mtoni ambako mashua nzito haifiki, na kinaweza kuwafikia watu waliozingirwa na mafuriko katika bonde ambalo jana lilikuwa shamba. Chombo kinachosimama na kugeuka papo hapo, kikiwa katika mikono iliyofundwa, ni msaada mkubwa kwa kuwatoa watu majini. Neno ni moja tu: katika mikono iliyofundwa.

Ziwa Victoria lina nchi tatu. Ziwa Tanganyika lina nchi nne, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Mvuvi wa Kigoma na mvuvi wa Kalemie wanachota katika maji yale yale, na mtumbwi wa mmoja hauna taa ya kumwambia nahodha mgeni kwamba uko pale. Haitoshi basi kwamba nchi moja iwafunze manahodha wake vizuri, ikiwa boti ya nchi ya pili huletwa na mtu aliyepewa ufunguo asubuhi na abiria adhuhuri. Ushahidi wa ujuzi unaodaiwa katika gati la nchi moja ungedaiwa pia katika gati la jirani yake. Na fedha za kununulia boti zisihesabiwe kuwa zimetimia mpaka zimehesabiwa pamoja na fedha za mafunzo, za vipuri, na za fundi atakayekaa na chombo hicho baada ya wauzaji kurudi kwao.

Mafunzo hayo si marefu kama ya rubani wa ndege, lakini lazima yawe ya vitendo. Mwanafunzi afanyishwe zoezi la kukwepa boya huku mafuta yakiwapo, mara kumi, mara ishirini, mpaka woga wa mkono uvunjike. Afanyishwe zoezi la kuachia mafuta penye nafasi kubwa, aone kwa macho yake gurudumu linavyogeuka bure. Aizoee ile kamba inayofungwa kifundoni ili injini izimike akianguka, na ajue kwamba ikizimika, usukani nao umekwenda. Afanyishwe zoezi la kurudi nyuma mpaka aache kuwaza juu ya gari. Na kabla ya yote aambiwe kwamba waliomo ndani ya mitumbwi midogo hawana kasi ya kumkimbia. Wao hawana la kufanya ila kumwamini.

Uledi aliyafahamu maji ya Kongo kwa mikono na macho yake, akawaokoa wenzake mahali ambapo hapakuwa na injini. Anayepewa hivi leo boti yenye nguvu ambazo Uledi hakupata kuzifikiria amepewa pia dhamana iliyo kubwa kuliko ya Uledi, maana makosa yake husafiri mita 15 kila sekunde. Chombo cha kuzama, walisema wahenga, hakina usukani. Kwa boti ya jeti methali hiyo inaweza kuongezewa neno moja bila kuiharibu: chombo kisicho na msukumo hakina usukani, na nahodha asiyejua hilo, chombo chake kimekwisha kuanza kuzama kingali gatini.